Shaba Iliyoliwa na Maji

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo ikinijia, hata leo na uzee huu, moyo hunipiga paa. Ni ile asubuhi walipofungua pampu ya mtoni kule Bujonde, wakachomoa chuma cha ndani, na kila aliyekuwapo akabaki mdomo wazi. Shaba mpya, iliyosubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa, katika kalibu ya udongo niliyoifinyanga kwa mikono yangu hii, ilikuwa imeliwa. Haikuvunjika wala haikupata kutu. Ilikuwa imeliwa, matundu matundu, kama muhogo ulioingiwa na wadudu. Na ndani ya pampu ile hapakuwa na kitu kingine chochote ila maji.

Ngoja nikueleze vizuri, maana ninyi mmezaliwa mkakuta mambo mengine. Hizo zilikuwa enzi za Waingereza, kabla hatujajua hata neno uhuru litatufikia lini. Mimi ni Mkisi, mtu wa ufukweni mwa ziwa. Kwetu mwanamke hujua kufinyanga kabla hajajua kupika, na wapo wengine, sitawataja majina, ambao mpaka leo kupika hawajajua. Nikaolewa Bujonde, kwa Wanyakyusa, watu wa mpunga na migomba. Mume wangu hakukaa sana nyumbani. Alikwenda migodini kusini kama vijana wengi wa siku zile, akaniacha na binti yetu Atupele, mikononi mwa mama mkwe na baba mkwe.

Baba mkwe huyo naye alikuwa amefanya kazi migodini ujana wake, kule kwenye dhahabu ya Lupa, katika karakana ya pampu. Aliporudi alikuta kando ya mto wetu pampu iliyoachwa na mzungu mmoja aliyekuwa na shamba akahama. Injini ilikuwa nzima. Kilichokufa ni pangaboi, yaani kile chuma chenye mbawa kinachozunguka ndani ya pampu na kuyasukuma maji. Baba mkwe akasema atatengeneza lingine. Watu walicheka. Lakini mwaka huo mvua zilichelewa, miche ya mpunga ikaanza kunyauka vitaluni, na wale waliocheka wakaanza kumletea vipande vya shaba mmoja mmoja, bila kucheka.

Sasa sikiliza tulivyofanya kazi, maana hutaamini. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Usidhani ni ugomvi, ni heshima. Yeye akipita njia hii, mimi naingia migombani. Nikisikia kikohozi chake, najifunika nguo na kugeuka. Jina lake sikulitamka, na hata leo silitamki, kwa hiyo usijisumbue kuniuliza. Wachungaji walikuwa wameanza kuhubiri kwamba mambo hayo yapungue, na kanisani tuliimba wote chini ya paa moja. Lakini nyumbani kwetu mchungaji alikuwa mama mkwe, naye hakupunguza kitu.

Basi baba mkwe alichonga pangaboi kwa nta ya nyuki, mbawa zake zote na mizunguko yake, akaliweka juu ya kisiki nyuma ya jiko, akakohoa, akaenda zake. Mimi nilitoka, nikalichukua. Nikalipaka udongo laini wa kwetu ufukweni, tabaka juu ya tabaka, nikaukausha kivulini, kisha nikauchoma mpaka nta ikayeyuka na kutoka, ikabaki kalibu tupu yenye umbo la pangaboi tumboni mwake. Nikairudisha kisikini, nami nikakohoa. Ndipo yeye akamimina shaba. Nikiona ubavu wa nta ni mwembamba mno kiasi kwamba shaba haitapita, nilimwambia mama mkwe, naye akampelekea maneno. Jibu lilirudi kwa mama mkwe: "Anasema ndaga fijo, asante sana, ameongeza." Hivyo ndivyo tulivyosanifu chombo kile, watu wawili ambao tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso. Nilijivuna sana, nakuambia kweli.

Pangaboi letu likafungwa, injini ikawashwa, maji yakapanda ukingoni yakaingia vitaluni. Wanawake walipiga vigelegele. Miche ikainua vichwa. Kulikuwa na jambo moja tu la ajabu: tumboni mwa pampu mlisikika sauti ya changarawe, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya debe. Walisafisha mdomo wa bomba wakidhani mto umeingiza mawe. Hawakukuta jiwe. Sauti ikaendelea, na maji yakawa yanapungua kila siku, mpaka ile asubuhi walipoamua kufungua.

Nilikuwa nimesimama mbali na wanawake wenzangu, nguo kichwani. Niliona mikono ya wanaume ikiinua pangaboi, na jua likipenya kwenye matundu yake. Nilishtuka mpaka nikakaa chini. Shaba si ugali, mwanangu. Maji tunayokunywa, maji ninayomwogeshea mtoto, yanawezaje kula shaba?

Mdogo wake baba mkwe ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa mtu wa maneno mengi na subira kidogo. Alisema kwa sauti ambayo ilitufikia sisi wote kule tulikokuwa: "Chuma cha mzungu kilidumu miaka. Hiki kimeliwa hata mpunga haujapandikizwa. Nani alikifinyangia kalibu? Huyu mwanamke wa ufukweni anajua alichochanganya kwenye udongo wake."

Wenzangu niliosimama nao walijitenga nami. Nasema walisogea mbali nami, wale wale walionipigia vigelegele. Hiyo nayo ilinishtua kuliko maneno ya mzee yule.

Siku chache baadaye ukoo ukakaa uani kwetu. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa matete, nasikia kila neno. Walisema nirudishwe kwetu. Na Atupele je? Alikwisha kuacha kunyonya, alikuwa mtoto wa ukoo wao, angebaki. Ndivyo ilivyokuwa sheria, na hakuna aliyeona ajabu kuisema. Nilimtazama mtoto amelala mkekani, mkono wake mmoja uko mdomoni. Mume wangu alikuwa mbali, hajui lolote. Nilisubiri sauti moja tu, ya baba mkwe. Yeye ndiye aliyechonga ile nta. Yeye ndiye aliyejua udongo wangu ulivyokuwa safi. Nilisubiri akohoe tu hata kama hatasema.

Hakusema neno.

Nilitaka kumfunga mtoto mgongoni na kukimbilia ziwani mchana ule ule. Mama mkwe alinikuta nafunga nguo zangu. Akanishika mkono kwa nguvu, akanigombeza kwa sauti ya chini: "Mwana gwangu, una wazimu? Ukitoka sasa hivi umekubali kwamba ni kweli. Na mtoto watamfuata mpaka huko kwenu. Kaa chini, fikiri, kisha niambie maneno ya kupeleka."

Nikakaa chini. Nikafikiri huku nalia. Kisha nikampa maneno: wamtafute mfinyanzi mwingine, mtu ambaye hana uhusiano nami, atumie udongo wa kwao. Pangaboi liwe na umbo lile lile. Lisipoliwa, naondoka kwa miguu yangu mwenyewe na sitamdai hata mtoto. Mama mkwe alijua ninaweka nini rehani. Akaenda, akayasema mbele ya wanaume wote bila kupunguza, na yule baba mdogo akaitikia haraka kuliko wote.

Wakampata mhunzi mmoja wa Makwale, mtu wa makamo, mpole, aliyezoea kujifinyangia kalibu zake mwenyewe, ambaye udongo wake ulikuwa wa mabondeni, wenye mchanga. Pangaboi lake lilitoka zito na lenye ngozi mbaya, lakini lilizunguka. Likafungwa. Nami kila nilipokwenda kuteka maji nilitega sikio. Unajua nilichokuwa naomba? Niliomba kusikia changarawe. Watu wengine wote waliomba pampu iende kimya ili mpunga wao upone, nami pia nilikuwa na vitalu pale, lakini niliomba isikike ile sauti. Na ilisikika. Nilisimama na mtungi kichwani, nikaisikiliza.

Walipolifungua, nilikuwa mahali pale pale. Safari hii hakuna aliyepiga kelele. Matundu yalikuwa yale yale. Si hivyo tu: yalikuwa mahali pale pale, mgongoni mwa kila ubawa, karibu na pale maji yanapoingilia, na kwingine kote shaba ilikuwa nzima. Mhunzi wa Makwale alijishika kichwa akasema, "Ee Kyala, Mungu wangu, mimi nimechanganya nini?" Baba mdogo akatazama chini, akatazama mto, akaona ana shughuli nyumbani kwake.

Unadhani hapo ndipo mshtuko wangu ulipoishia. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kizingiti, amejifunika uso kwa viganja. Nikamwuliza, mama, mbona unalia siku ya furaha? Akasema bila kuniangalia: "Alijua. Baba yako alijua tangu siku ya kwanza. Ameniambia sasa hivi. Aliyaona matundu hayo hayo kule Lupa. Anasema ni maji yenyewe."

Mwanangu, nimeona mafuriko yakichukua nyumba na ng'ombe. Nimezika watu. Sijapata kupigwa na butwaa kama siku ile. Yule mtu alikuwa amekaa katikati ya mkutano, akasikia nikihukumiwa kutenganishwa na mtoto wangu, akiwa na jibu mdomoni. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amewaahidi watu chombo kitakachodumu, na aliona haya kusema kwamba usanifu wake ndio ulioshindwa. Na ile heshima ya ukwe ilimpa mahali pazuri pa kujificha. Nani angemlaumu mkwe kwa kutomsemea mke wa mwanawe? Watu wangemsifu kwa adabu!

Siku zilipita. Miche ilikuwa inanyauka tena. Kisha kikasikika kikohozi nyuma ya jiko. Nilipotoka, nilikuta kisikini nta ya umbo ambalo nilikuwa sijaliona kamwe. Mbele ya pangaboi alikuwa ameongeza kitu kama parafujo fupi na pana, yenye mbawa nyembamba sana zinazoanza taratibu. Nyembamba kiasi kwamba udongo wenye mchanga usingeweza kuzishika. Udongo wa kwetu tu ndio ungeweza. Alinihitaji.

Niliiacha nta pale pale juani, iyeyuke ikitaka. Nikamwita mama mkwe nikamwambia: "Mwambie sitagusa udongo mpaka aseme mbele ya watu wale wale, uani pale pale, alichokuambia wewe."

Mama mkwe alishtuka. "Unamwamuru baba yako?"

"Simwamuru, mama. Namwomba. Lakini udongo siugusi."

Nilidhani atanichapa. Badala yake aliichukua nta akaiweka kivulini, akajifunga nguo kiunoni, akaenda kumtafuta mumewe. Sijui walisemezana nini. Najua tu kwamba nilisikia sauti ya mama ikipanda, na ya baba haikusikika kabisa.

Wakakusanyika. Mimi nilitoka nje safari hii, nikasimama karibu na mlango, nimejifunika. Yeye alisimama akinipa mgongo kama desturi inavyotaka, akawaelekea watu. Alisema polepole. Akasema maji yakivutwa kutoka mbali chini, kwa nguvu kuliko yanavyoweza kufuata, huchanika, na pale yanapochanika huzaliwa viputo. Viputo hivyo havina hewa ya kawaida ndani yake; vikisukumwa mbele penye maji yaliyobanwa kwa nguvu vinapasuka, na kila kinapopasukia juu ya shaba kinadokoa kipande kidogo. Ile sauti ya changarawe ndiyo hiyo. Pampu ikishushwa karibu na maji viputo vitakoma, lakini mafuriko ya kwanza yataichukua mpaka ziwani. Injini ikipunguzwa mwendo, maji hayafiki juu. "Kwa hiyo viputo tutaendelea kuwa navyo," akasema. "Nimewatengenezea mahali pao mbele, vizaliwe pale na vipasuke katikati ya maji, kabla havijafika kwenye shaba. Tukivipangia hivyo, pampu itavuta hata mto ukipungua zaidi ya sasa."

Watu wakaitikia, wengine wakaanza kusimama wakidhani amemaliza. Akainua mkono.

"Hayo niliyajua siku ile mlipokaa hapa," akasema. "Niliyajua, nikanyamaza. Udongo wa mtoto huyu ulikuwa safi. Mimi ndiye niliyekosea, na nilitaka alipe yeye."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu uani pale aliyewahi kuliona. Aligeuka. Akaniangalia usoni. Wanawake walipiga ukelele wa hofu, mama mkwe akajifunika macho, na baba mdogo akasimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka. Mimi nilisahau hata kuvuta nguo. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba ana macho ya Atupele. Alikuwa analia.

"Nimetaka kumwona mtu niliyemwonea," akasema. "Nikikuomba radhi kwa mgongo, bado nitakuwa nimejificha."

Mkwe anamjibu nini baba mkwe ambaye hawajawahi kusemezana? Nilipiga magoti, nikasema, "Ndaga, baba." Ni hayo tu niliyoweza. Baada ya hapo tulirudia desturi yetu kama kawaida, yeye akikohoa nami nikipisha, mpaka alipofariki. Lakini haikuwa tena heshima ile ile. Nilikuwa nimeiona sura ya mtu ninayempisha.

Nilifinyanga kalibu ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote ya maisha yangu. Pangaboi likasubiwa, likafungwa. Sauti ilikuwapo, lakini ya chini, ya kunong'ona, mbali kidogo mbele. Mpunga ulipandikizwa Bujonde, na watu wa Talatala walikuja kutazama. Walipolifungua baada ya mavuno, mbawa zilikuwa na mikwaruzo michache tu. Mhunzi wa Makwale alizipapasa kwa kidole, kisha akacheka peke yake.

Sasa nakupa ninachotaka uende nacho, mwanangu, na usikisahau njiani.

Kitu kikiharibika mikononi mwenu, msikimbilie kumtazama mgeni wa nyumba. Tazameni tundu liko wapi. Chukueni kazi hiyo hiyo, mpeni mtu mwingine aifanye, muone kama tundu litarudi mahali pale pale. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo iliyonibakishia mtoto.

Ukifunga ndoa, hasira zitazaliwa ndani ya nyumba yako. Usinidanganye kwamba kwenu hazitakuwapo. Mnaishi pamoja, mnavutana, zitazaliwa tu. Zipangieni mahali. Semeni mapema, mkiwa wawili, maneno yakiwa bado madogo, yapasuke hapo. Mkiyabana yatakwenda kupasukia juu ya mtoto, au juu ya mkwe, au juu ya mtumishi asiyejua lolote, nanyi mtashangaa matundu yametoka wapi.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nikuite ukae hapa. Ishike desturi yetu. Pisha wakubwa, inamisha kichwa, mimi sikuzuii. Lakini siku utakapomwona mtu anaonewa, na wewe una neno la kumwokoa, usije ukaniambia ulinyamaza kwa adabu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete nikingoja kikohozi kimoja. Ninajua adabu ile ina uzito gani kwa anayeingoja.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Kyala akupe mdomo usiochelewa na macho yasiyoogopa kutazamwa. Akupe nyumba ambamo hakuna mtu atakayehitaji kuomba changarawe ili aaminiwe. Na kama siku moja utamkosea mtu, maana utamkosea, akupe nguvu ya kugeuka.